Kura ya Mwizi wa Asali

Mtu wa kwanza niliyemthibitisha kisayansi kwamba ni mhalifu wa kuzaliwa alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi Wakristo. Alikuwa na taya pana, paji la uso lililolala kwa nyuma, na mikono mirefu kuliko ya wenzake wote. Vipimo hivyo vilichukuliwa kwa rula ya mbao na wanafunzi wa kidato cha sita, mbele ya macho yangu, Jumanne asubuhi, Kibondo, mkoani Kigoma. Mwenyewe alicheka hadi akafuta machozi. "Madamu," aliniambia, "naomba mniombee."

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2014 na nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya ualimu, madaftari ya sosholojia niliyokataa kuyatupa, na tabia ya kuuliza "kwa nini" iliyokuwa imeshawachosha mama yangu, wachumba wawili na mchungaji mmoja. Shuleni nilipewa somo la GS, yaani General Studies, maarifa ya jumla. Kila mwanafunzi wa kidato cha tano na sita lazima alisome, na karibu hakuna anayelipenda, maana wote wanaamini alama zake hazimpeleki mtu popote. Mimi nililipenda kwa sababu hiyohiyo. Somo lisilo na mwenyewe unaweza kulitia chochote.

Katika mada ya matatizo ya jamii kulikuwa na kipengele cha uhalifu. Kitabu kilikipa nusu ukurasa: uhalifu unasababishwa na umaskini, malezi mabovu na utandawazi. Utandawazi miaka ile ulikuwa ukilaumiwa kwa kila kitu, hata mimba na ukame. Nikaona nusu ukurasa ni matusi, nikaamua kuwafundisha nadharia zenyewe, moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa mimi.

Tulianza na ile ya kale ya kupima vichwa, ambayo rula iliimaliza kwa kipindi kimoja. Tukaja kwenye ile inayosema jamii inakuonyesha vitu vizuri, inakwambia uvitafute, halafu inakufungia njia, basi unapita dirishani. Hiyo waliielewa haraka, wakatoa mifano hadi kengele ikagonga. Tukaja kwenye ile ya kujifunza uhalifu kwa marafiki kama mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madamu, na njaa ni nadharia?"

"Njaa ni hali."

"Basi hao walioandika nadharia walikuwa wameshiba."

Darasa likapiga meza.

Wengi wao hawakuwa watu wa huku. Wizara ilikuwa imewapanga kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Tanga, wakaja na mabegi ya magurudumu ambayo kwenye tope letu jekundu hayakuwa na kazi. Walifika kwa basi lililosindikizwa na askari wenye bunduki, kwa sababu ya watekaji wa barabara ya Kasulu, na walishuka stendi wakiwa tayari na nadharia yao: wanaoteka mabasi ni Warundi. Ukiwauliza mmewaona wapi, wanasema konda kasema.

Wenyeji darasani walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa binti wa Mabamba, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake, na Kiswahili chake kilitembea kwa mwendo wa Kiha, lugha ya kwao, kikipanda na kushuka mahali ambapo cha Dar kinanyooka. Bwenini walimwita Mrundi. Yeye aliwajibu, "Mrundi ni shangazi yako," na mambo yakaisha kwa kicheko. Mwaka uliotangulia watu wa mpakani walikuwa wakisimamishwa barabarani kuulizwa uraia. Siku moja alitusimulia darasani jinsi baba yake alivyoteremshwa kwenye gari na kuambiwa ataje babu zake. "Baba aliwataja hadi askari akachoka kuandika, akamwambia mzee panda gari uende." Tulicheka sana. Alikuwa anajua kusimulia.

Nadharia ya nne ndiyo niliyoipenda kuliko zote: ya kubandikwa jina. Inasema mwizi hatokani na kuiba tu. Jamii inamchagua mtu, inambandika jina, inaanza kumtendea kulingana na jina hilo, na mwishowe jina linamkaa kama nguo aliyoshonewa. Nilitaka waione kwa macho. Nikakumbuka kura za siri.

Msomaji aliyekulia kijijini anazijua. Wizi ukizidi, watu wanaitwa mkutanoni, kila mmoja anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, na karatasi zinahesabiwa hadharani. Mwenye kura nyingi anatakiwa ajieleze, na mara nyingi maelezo hayamsaidii. Mashuleni zipo pia. Hakuna anayeulizwa ulimwona lini wala wapi. Unaandika jina, basi.

"Tuseme kikokotozi changu kimepotea," niliwaambia. "Hakijapotea, hiki hapa. Tuseme tu. Andikeni mnayedhani angekichukua."

Wanafunzi arobaini na watatu walichana karatasi, wakaandika huku wamefunika kwa viganja kama mtihani wa taifa. Nikazisoma kwa sauti, kiranja wa darasa akichora vistari ubaoni. Binti wa Mabamba alipata kura ishirini na tisa.

"Mmeona?" Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye jaribio lake limekubali. "Hakuna kilichoibiwa, na tayari tuna mwizi!"

Walicheka, na yeye alicheka. Nikafuta ubao, nikaenda ofisini, nikanywa chai nikijisifu kimoyomoyo kwamba huko ndiko kufundisha.

Baada ya siku tisa asali ikapotea.

Shule yetu ilikuwa na klabu ya nyuki yenye mizinga kwenye miti ya nyuma ya uwanja wa mpira. Asali ya msimu ule ilikuwa imejaa ndoo ya lita ishirini, imefungiwa stoo, ikisubiri mahafali ya kidato cha sita, ambapo kila mgeni wa meza kuu angeondoka na chupa yake. Alhamisi asubuhi mtunza stoo alifungua mlango akaikuta ndoo mahali pake, mfuniko juu yake, ndani tupu. Na ilikuwa imeoshwa. Imeoshwa ikang'aa, ungeweza kukingia maji ya mvua ukanywa.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu nikifundisha uraia wakati kidato cha sita kilipoitwa mstarini. Aliyewaita alikuwa mwalimu wa nidhamu, baba mmoja mpana, kocha wa mpira, mtu ambaye angeweza kukuchapa asubuhi na mchana akakununulia dawa ya malaria. Aliamini kura kwa moyo wake wote. Aligawa karatasi. Binti wa Mabamba akapata zaidi ya nusu.

Akaambiwa ajieleze. Akasema hajui lolote. Akaambiwa ajieleze vizuri. Akasema, "Muulizeni madamu wa GS, yeye ndiye aliyeanza." Hilo likachukuliwa kuwa ni utovu wa nidhamu juu ya wizi.

Uamuzi ulitoka kabla ya chakula cha mchana: aende nyumbani hadi bodi ya shule ikae. Bodi ingekaa Juni. Mtihani wa taifa ulikuwa unaanza Mei. Nisieleweke vibaya, hakuna aliyesema anafukuzwa. Walisema aende, angoje. Lakini mtihani ule ukikupita umekupita, na miaka miwili ya kidato cha tano na sita, pamoja na ile mingine yote ya nyuma yake, inabaki kuwa hadithi ya kusimulia ukiwa unapalilia mihogo.

Nilizipata habari hizo kwa matroni, aliyekuwa amesimama nje ya bweni la wasichana ameshika kiuno. "Anafunga tranka lake," aliniambia. "Gari la Mabamba linaondoka saa kumi. Mwanangu, hivi ni kweli mlishawahi kumpigia kura nyingine?"

Saa nane walimu walikuwa na kikao cha maandalizi ya mahafali. Mkuu wa shule alipofika kwenye vinywaji na asali, nikasimama.

"Mkuu, yule binti hakuiba. Kura za leo nilizipika mimi." Nikaeleza kikokotozi, nadharia, vistari ubaoni. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika vibaya.

"Kura ni kura, mwalimu," alisema mwalimu wa nidhamu, bila hasira. "Watoto wanamjua mwenzao kuliko sisi."

"Wanamjua kwa sababu niliwafundisha wiki iliyopita."

"Basi umefundisha vizuri."

Ofisi nzima ikacheka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa bado naamini kwamba mtu akichekwa amepewa nafasi ya kuendelea kuongea.

"Mkuu, naomba na sisi tupige."

"Tupige nini?"

"Kura. Kufuli la stoo halikuvunjwa. Funguo ziko mbili na zote zinatundikwa ndani ya ofisi hii. Kama kura inajua, ituambie na sisi."

"Haki ya Mungu huyu dada ana wazimu," alisema mwalimu wa hesabu, lakini alikuwa ameshaanza kuchana karatasi nyuma ya andalio lake la somo. Kikao kilikuwa kirefu na watu walitaka kuchangamka. Mkuu, ambaye alibakiza mwaka mmoja kustaafu na hakuogopa tena kitu chochote, akasema haya, kila mtu jina moja.

Tulikuwa kumi na saba. Mkuu alivaa miwani akasoma mwenyewe.

"Madamu wa GS. Madamu wa GS. Panya. Nani kaandika panya? Madamu wa GS. Mwalimu wa hesabu. Madamu wa GS. Hii imeandikwa 'yule anayeuliza maswali'. Hiyo naihesabu kwa madamu wa GS."

Nilipata kumi na moja.

Nilikuwa nimeshinda hoja yangu kabisa, na masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilijisikia nasema, "Mimi asali hata sili! Inanipa kiungulia!"

"Wezi wote husema hivyo," alijibu mwalimu wa hesabu, na vicheko vikarudi upya.

"Na Jumatano sikuwepo, nilikuwa Kasulu, nilienda kununua wino wa printa, risiti ninayo…" Hakuna aliyekuwa ameniuliza nilikuwa wapi Jumatano. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima kumi na sita, wote wanajua ni mzaha, nami nilikuwa nakaribia kwenda kuchukua risiti.

Mkuu alicheka kuliko wote. Kisha akakunja karatasi zile moja moja, polepole, na kicheko kikaisha njiani. Akatazama msumari wa funguo ukutani. Sote tukautazama. Halafu, kama watu walioambizana, sote tukaangalia pembeni.

"Bomba letu linatoa maji mara mbili kwa wiki," alisema. "Mtoto wa bweni hawezi kuosha ndoo ile ikang'aa namna ile bila watu thelathini kumwuliza maji ametoa wapi." Akavua miwani. "Binti abaki. Na suala la ndoo nalifunga. Wageni watapewa korosho."

Ningependa kusema kwamba niliendelea kuuliza. Swali lilikuwa limekaa pale mezani, nono, na mimi ndiye mwuliza maswali wa kura kumi na moja. Lakini ilikuwa saa tisa na nusu imepita, na sikutaka Mkuu apate muda wa kufikiri upya. Nikanyamaza. Ni moja ya mara chache maishani mwangu, na sijui kama naijutia.

"Twende," alisema mwalimu wa nidhamu, ameshasimama, ufunguo wa pikipiki mkononi. "Unakaa unangoja nini? Gari litaondoka."

Mvua ya mchana ilikuwa imeibadilisha barabara ya stendi kuwa uji. Pikipiki iliteleza mara tatu, na kila ilipoteleza alisema, "Shika vizuri, mwizi." Tulimkuta binti amekaa juu ya tranka lake chini ya baraza la duka la vitenge, viatu amevivua ameviweka pembeni visilowe. Gari la Mabamba lilikuwa linapakia magunia.

Mwalimu wa nidhamu hakusema samahani. Sidhani kama neno hilo alikuwa nalo katika saizi inayofaa. Alichukua tranka, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, akalitikisa kuhakikisha halichezi, akamwambia, "Jioni ufike chakula mapema, leo kuna wali." Akawasha, akaenda. Tukabaki kurudi kwa miguu.

"Madamu, umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja kukurudisha. Utafanya mtihani."

Hakuruka wala hakulia. Alivaa kiatu kimoja, akakitazama, akavaa cha pili. "Wamempata mwizi?"

"Hapana. Wamenipigia kura mimi. Kumi na moja."

Akacheka ile sauti yake nzito. "Kumi na moja! Mimi nilikuwa na ishirini na tisa. Bado uko mbali."

Tulitembea ukingoni penye majani. Nilikuwa nikitafuta pa kuanzia, akaniwahi.

"Zile za darasani, moja ilikuwa yangu."

"Wewe ulimwandika nani?"

"Nilijiandika."

Nikasimama. Yeye akaendelea kutembea, ikabidi nimkimbilie.

"Nilikuwa nawasikia huko nyuma wanavyocheka wakiandika," alisema. "Nilijua tu. Nikasema kama ni kushinda, na mimi niwe kwenye timu inayoshinda."

Miaka mitatu chuoni nilisoma kurasa nyingi kuhusu nadharia ile, nyingine mara mbili. Hakuna ukurasa ulioniandaa kwa sentensi hiyo ikisemwa na mtu anayeruka dimbwi.

"Nisamehe," nilisema.

"Nimekusikia, madamu. Lakini unaniambia hapa njiani. Jina langu ulilisomea darasani."

Alisema kwa adabu zote, kichwa ameinamisha kidogo, kama wanavyolelewa huku kuongea na mkubwa. Hakuna aliyewahi kunipa kazi ya nyumbani iliyo wazi namna hiyo.

Kesho yake nilikuwa na kipindi cha kwanza. Alikuwa amekaa mahali pake, safu ya pili, daftari limefunguliwa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri usiku kucha, yenye utangulizi na hitimisho. Nilipofika mbele yakanitoka yote.

"Wiki iliyopita nilifanya kosa," niliwaambia. "Nilitaka kuwaonyesha jinsi mtu anavyobandikwa jina, nikaishia kumbandika mmoja wenu. Mimi, siyo nyie. Karatasi niligawa mimi, majina niliyasoma mimi, na nilifurahi. Jana karibu akose mtihani kwa ajili hiyo. Hakuiba kitu chochote. Namwomba radhi mbele yenu."

Jogoo wa jirani akawika. Kisha msichana mmoja wa Dar, yule aliyelianzisha jina la Mrundi bwenini, akainuka nusu.

"Madamu, na sisi tulioandika je?"

Nikamtazama binti wa Mabamba, na hilo nalo sijui kama lilikuwa haki, kumwachia yeye. Hakugeuka nyuma.

"Nyie kaeni," alisema. "Mnanipotezea muda. Madamu, imebaki nadharia moja, na siku zimekwisha."

Nikageukia ubao. Ilibaki ile ya kamba zinazomfunga mtu na wenzake asitende ubaya: familia, shule, imani, kazi. Niliifundisha vibaya sana, chaki ikinivunjikia, na hakuna aliyeuliza swali hata moja. Wakati wa mapumziko niliwaona kutoka dirisha la ofisi, yeye na yule wa Dar, wamekaa kwenye ngazi za bweni wakimenya embe moja kwa kisu kimoja. Nilijizuia kutunga nadharia.

Mtihani ulipoanza Mei mimi sikuwepo. Walimu hatusimamii shule zetu wenyewe, nikapangiwa Kasulu. Nilifikia nyumba ya wageni karibu na soko, ya mzee mmoja mfanyabiashara ambaye baba yake alikuja kutoka pwani na vitambaa akasahau kurudi. Kila jioni mzee alinikaribisha kahawa na kuniuliza, "Mwalimu, wamefaulu?" na kila jioni nilimweleza kwamba wanaandika bado, matokeo ni baadaye. "Sawa," alikuwa akisema, "lakini wewe unaonaje?" Nilimwambia siwezi kuona kitu bila ushahidi. Alinihurumia waziwazi.

Siku ya GS nilitembea kati ya madawati ya watoto wa watu wengine. Nilijizuia kusoma karatasi ya maswali, maana ningeona nini kimekuja, na nikishaona ningeanza kumfikiria. Nilimfikiria hivyohivyo. Nilijiuliza kama ameamka salama, kama kuna mtu amemwambia neno mlangoni, kama kalamu anayo ya akiba.

Mtihani wao wa mwisho ulipokwisha, wakaruhusiwa kwenda makwao. Siku ya tatu, nikiwa bado Kasulu nakunywa kahawa ya mzee, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Binti alikuwa ameazima simu ya kaka yake, huko Mabamba.

"Shikamoo madamu. Nimefika salama. Mtihani niliumaliza wote. Swali la uhalifu lilikuja, sikulijibu. Nilijibu la mazingira."